Land Rover kuukuu ni yako, lakini jina lake ni la nani?

Simama Kwa Sadala asubuhi, pale njia ya Masama inapoachana na barabara kuu ya Moshi–Arusha, na hutasubiri sana kabla ya kuona Land Rover 109 ikishuka na mikungu ya ndizi hadi juu ya keria. Nyingine zina umri mkubwa kuliko madereva wake. Rangi imepigwa mara zisizohesabika, boneti imetoka kwenye gari jingine, injini ni ya Isuzu, viti vimeshonwa upya mjini Moshi. Ila mbele bado kuna kile kibati kidogo chenye umbo la yai kilichoandikwa Land Rover.

Makala haya yanahusu kibati hicho. Watengenezaji wa magari katika nchi mbalimbali wamekuwa wakivutana, mara nyingine hadi mahakamani, na watu wanaoyapenda na kuyatunza magari ya zamani: wanaojenga nakala zake, wanaouza spea zake, wanaochapisha picha zake. Mambo hayo yanaweza kuonekana ya mbali, ya matajiri wa Ulaya. Lakini maswali yaliyomo ndani yake ni yale yale tunayoulizwa na wasikilizaji wetu wa huku milimani. Fundi bodi akinitengenezea bodi mpya yote, anakosea? Duka likiuza spea za kopi linaweza kufungwa? Sisi wenye Land Rover tukijichapishia fulana zenye nembo, kuna mtu atatudai?

Haki zenye umri tofauti

Gari moja hubeba haki za aina kadhaa kwa wakati mmoja, na kila haki ina umri wake. Hapo ndipo penye ufunguo wa jambo zima.

Ya kwanza ni hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya kifaa kipya alichobuni, tuseme namna mpya ya gia au breki. Kwa kawaida hataza haizidi miaka 20. Ikiisha, kila mtu ana ruhusa ya kutengeneza kifaa hicho. Ya pili ni haki ya umbo la bidhaa, kwa mfano mkunjo wa madgadi au sura ya taa. Katika Umoja wa Ulaya haki hiyo hufika mwisho baada ya miaka 25. Ya tatu ni hakimiliki, ile ile inayolinda nyimbo na vitabu, na ambayo mara chache sana mahakama hukubali kuitumia kwa gari.

Ya nne ni alama ya biashara: jina na nembo. Hii ndiyo tofauti na nyingine zote, kwa sababu haina mwisho. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 inatoa usajili wa miaka 7 mwanzoni, kisha unahuishwa kila baada ya miaka 10, na unaweza kuendelea kuhuishwa maadamu mwenye alama yupo, analipa ada na anaitumia. Msajili wake ni BRELA.

Sasa ichukue Land Rover. Gari hili lilioneshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam mwezi Aprili 1948. Hata kama kila nati yake ingekuwa na hataza, hataza hizo zingekuwa zimekwisha kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Mtu anayechonga leo madgadi ya 109 kwa bati la aluminiamu, akayafunga kwenye gari la mteja wake, hagusi hataza ya mtu. Lakini jina Land Rover bado lina mwenyewe, na mwenyewe huyo, kampuni ya Jaguar Land Rover ya Uingereza, hajalala.

Kwa hiyo kadiri gari linavyozeeka, vyuma vyake vinakuwa mali ya wote, na jina linabaki mali ya mmoja. Kampuni inayotaka kuendelea kulishika gari lake la zamani ina njia chache zilizobaki: ashikilie jina kwa nguvu, au ajaribu kuligeuza umbo lenyewe kuwa alama ya biashara ili nalo lisiwe na mwisho.

Kampuni ilipotaka kusajili umbo la Defender

Njia hiyo ya pili ndiyo Jaguar Land Rover waliyoijaribu. Defender ni jina lililopewa Land Rover za aina ya 90 na 110 kuanzia mwaka 1990. Gari la mwisho la umbo lile la zamani lilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016. Kipindi hicho hicho tajiri wa Uingereza Jim Ratcliffe, mwenye kampuni ya kemikali ya Ineos, alikuwa akiipenda Defender kiasi cha kutaka kununua haki ya kuendelea kuitengeneza. Hakufanikiwa. Akaamua kutengeneza gari lake mwenyewe la kazi ngumu, lenye kona zile zile za mraba na mgongo ule ule ulionyooka, akaliita Grenadier, jina la baa moja ya London.

Mwaka 2016 Jaguar Land Rover waliomba Uingereza isajili maumbo ya magari yao ya zamani kuwa alama za biashara. Ineos wakapinga. Hoja ya kampuni ilikuwa kwamba umbo la Defender linajulikana kiasi kwamba mtu yeyote akiliona, hata bila jina, anajua limetoka kwa nani. Sisi wa huku tungesema ni kweli: mtoto wa Masama anaitambua Land Rover kwa mlio kabla hajaiona. Lakini sheria inauliza swali jingine, nalo ni gumu zaidi: je, umbo hilo linatofautiana vya kutosha na desturi ya magari ya aina yake, au mnunuzi wa kawaida anategemea umbo lenyewe kumwambia nani katengeneza?

Oktoba 2019 ofisi ya usajili ya Uingereza ilikataa sehemu kubwa ya ombi hilo. Kampuni ikakata rufaa, na mwezi Agosti 2020 Mahakama Kuu ikaitupa rufaa. Mahakama ilikubaliana na maoni kwamba tofauti ambazo wataalamu na wapenzi wa Land Rover huziona kubwa, mnunuzi wa kawaida huenda hazioni kabisa. Baada ya hapo Grenadier ikaanza kutengenezwa Hambach, Ufaransa.

Tunadhani mahakama ilifanya sawa. Umbo la sanduku kwenye gari la shamba lilitokana na kazi: bati lililonyooka hunyooshwa kirahisi likibonyea. Kumpa mtu mmoja umbo hilo milele kungekuwa kama kumpa mtu mmoja umbo la jembe. Hata hivyo msomaji asichanganye mambo. Kesi ile ilihusu magari ya zamani na alama ya biashara. Umbo la gari jipya bado lina ulinzi, na kampuni hiyo hiyo ilishinda Beijing mwezi Machi 2019 dhidi ya gari la Kichina lililoitwa Landwind X7, ambalo mahakama ilisema limeiga sura ya Range Rover Evoque.

Gari kama sanaa

Kuna waliopitia mlango wa hakimiliki. Nchini Sweden mume na mke walijenga nakala ya Jaguar C-Type, gari la mashindano la miaka ya 1951 hadi 1953. Jaguar Land Rover walidai kwamba umbo la C-Type ni kazi ya sanaa na nakala hiyo iharibiwe. Desemba 2020 mahakama ya Stockholm iliwakubalia. Ukifikiria hesabu yake unashtuka: mbunifu wa gari hilo, Malcolm Sayer, alifariki mwaka 1970, na hakimiliki Ulaya hudumu miaka 70 baada ya kifo, kwa hiyo umbo la mwaka 1951 lingefungwa hadi 2040. Mahakama ya rufaa baadaye iliitengua hukumu hiyo, lakini wanandoa hao walikuwa wamekwisha kuishi miaka na kesi shingoni.

Italia mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 2019 mahakama ya Bologna ilikubali kwamba Ferrari 250 GTO ni kazi ya sanaa na ikaizuia kampuni moja ya Modena kutengeneza gari la kufanana nayo. Magari hayo yalitengenezwa 36 tu, kati ya 1962 na 1964, na leo yananunuliwa kwa mamilioni mengi ya dola. Lakini mwaka uliofuata ofisi ya alama za biashara ya Umoja wa Ulaya ililifutia umbo hilo hilo sehemu kubwa ya usajili wake kama alama ya biashara, kwa sababu Ferrari hawakuwa wakilitumia kuuzia magari. Likabakia kwa vitu kama magari ya kuchezea watoto.

Jambo la kutumia au kutotumia lina uzito hata kwa majina. Ferrari waliacha kutengeneza magari ya jina Testarossa miaka ya 1990. Mjerumani mmoja akaomba jina hilo lifutwe, maana halitumiki. Oktoba 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba mtengenezaji anayeendelea kuuza spea halisi za gari la zamani chini ya jina lake anaweza kuhesabiwa kuwa bado analitumia. Kwa maneno mengine, filta unayonunua leo inaweza kuwa ndiyo inayolishika jina la gari lililokoma kutengenezwa zamani.

Spea: kopi si lazima iwe feki

Hapa tunakuja kwenye jambo linalowagusa wengi zaidi, kwa sababu huku kwetu nakala ya Jaguar hatunayo, spea tunazo.

Dukani watu wanatumia maneno mawili kana kwamba ni moja: kopi na feki. Sheria inayatenganisha. Kopi, kwa maana nzuri, ni spea iliyotengenezwa na kampuni nyingine ikauzwa kwa jina la kampuni hiyo. Kampuni ya Britpart ya Uingereza, kwa mfano, inauza spea za Land Rover kwenye maboksi yaliyoandikwa Britpart. Boksi linasema inafaa gari gani, halidai kwamba Land Rover ndio wameitengeneza. Hiyo ni biashara halali, na bila biashara ya namna hiyo 109 nyingi za mlimani zingekuwa mabanda ya kuku.

Feki ni ile iliyotengenezwa na mtu asiyejulikana, kisha ikatiwa kwenye boksi lenye jina la Toyota au Land Rover. Hapo ndipo Tume ya Ushindani, FCC, inapoingia. Kwa Tanzania Bara inasimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 pamoja na kanuni zake za mwaka 2008, na wakaguzi wake wana uwezo wa kuingia dukani au ghalani, kukamata mzigo, na mzigo huo ukithibitika kuwa bandia huteketezwa. Mwenye duka hupoteza mtaji wote wa shehena hiyo na bado anaweza kushtakiwa. Kusema "nilinunua Kariakoo, sikujua" si kinga ya kutegemea. Risiti ya aliyekuuzia ina maana zaidi kuliko maelezo. Hatuwahurumii sana watengenezaji wa maboksi hayo. Mmoja wetu hapa kituoni alinunua brek pedi zenye boksi la kupendeza kabisa na zikaisha kabla ya mwezi, kwenye mteremko ambao kila mtu wa Machame anaujua. Aliposhuka salama, boksi alilitazama upya na kugundua jina la kampuni limekosewa herufi moja.

Katikati ya kopi na feki kuna eneo la kijivu, na kesi ya Audi inalionesha vizuri. Muuza spea wa Poland alikuwa akiuza wavu wa mbele, ule unaokinga rejeta, kwa ajili ya Audi za miaka ya 1980 na 1990. Wavu wenyewe ulikuwa na sehemu iliyochongwa kwa umbo la zile pete nne, ili mwenye gari aibandike nembo yake hapo. Audi walishtaki. Tarehe 25 Januari 2024 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba sehemu hiyo, ikiwa inafanana na nembo, inaweza kuwa matumizi ya alama ya biashara bila ruhusa, na kwamba uhuru wa kutengeneza spea za kurudishia umbo la gari hauwi kisingizio cha kutumia nembo. Wavu ruksa, pete hapana. Mwaka huo huo Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mpya ya maumbo inayoruhusu wazi spea za kurudishia gari sura yake ya awali, nayo haikugusa nembo.

Hukumu za Ulaya hazimfungi jaji wa Moshi. Alama hulindwa nchi kwa nchi, na hata ndani ya Jamhuri yetu usajili wa BRELA hauvuki bahari: Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2008 na msajili wake, BPRA. Ila hoja zinafanana kila mahali, na mwenye duka la spea akizielewa ataweza kujipima mwenyewe.

Fundi na bango lake

Je, fundi anaweza kuandika ukutani "Tunatengeneza Land Rover" bila kuomba ruhusa? Swali hili liliwahi kufika mahakama ya juu ya Ulaya. Fundi wa Uholanzi, asiye wakala wa BMW, alikuwa akiuza BMW zilizotumika na kuzitengeneza, akatangaza hivyo. BMW wakamshtaki. Februari 1999 mahakama ikasema anayo haki ya kutaja jina la gari analolitengeneza, kwa kuwa hana njia nyingine ya kumwambia mteja anafanya kazi gani. Mpaka wake ni kwamba tangazo lisimfanye mtu adhani gereji hiyo ni tawi la kampuni au imeidhinishwa nayo.

Kwa hiyo maneno "Fundi wa Land Rover, Kwa Sadala" yako upande salama wa hoja hiyo. Kuchora ile nembo ya kijani futi sita ukutani na kuandika "Land Rover Kilimanjaro" ni jambo jingine.

Fundi bodi naye tumjibu. Kuchonga bodi ya 109 kwa ajili ya gari la mteja ni ukarabati. Kuchonga magari mapya yanayofanana, ukayapiga kibati cha Land Rover na kuyauza kama Land Rover, ni kuuza jina la mwenzako. Na akilichukua bamba la namba ya chesisi la gari lililokufa akalipachika kwenye jipya, hapo ameacha mambo ya nembo kabisa, hilo ni kosa la jinai la usajili wa magari. Wenye injini za Isuzu nao wasijitie hofu: hakuna kampuni inayoweza kukukataza kuweka injini yoyote kwenye gari lako. Unachotakiwa ni kadi ya gari irekebishwe TRA isome namba ya injini iliyomo, na siku ya kuuza umwambie mnunuzi ukweli.

Fulana, kalenda na misafara

Mapenzi ya Land Rover kaskazini mwa Tanzania si ya kificho. Oktoba 2024 Arusha ilijaza mamia ya magari haya katika tamasha lililolenga kuvunja rekodi ya dunia ya msafara wa Land Rover iliyokuwa Ujerumani. Tangu hapo vikundi vya wamiliki vimekuwa vikituuliza kuhusu fulana.

Mfano wa karibu ni wa Marekani. Mwanzoni mwa mwaka 2008 klabu ya wenye Ford Mustang nyeusi ilitaka kuchapisha kalenda yenye picha za magari yao wenyewe. Kampuni ya uchapaji ikakataa, ikisema Ford wana haki juu ya magari hayo hata yakiwa kwenye picha. Wapenzi wa Ford wakawaka. Ndani ya siku chache Ford wakatoa ufafanuzi kwamba hawana tatizo na wanachama kupiga picha magari yao na kutengeneza kalenda. Wasiwasi wao ulikuwa nembo na alama za kampuni kutumika kibiashara. Kampuni ilirudi nyuma kwa sababu iliona inagombana na watu wale wale wanaolitangaza jina lake bure.

Ukitaka kuiga busara ya mfano huo, picha ya gari lako ni yako. Jina la kikundi likiwa la kwenu, na neno Land Rover likitumika kueleza tu mnaendesha nini, hatari ni ndogo. Fulana za wanachama wenyewe ni jambo moja, fulana zenye nembo halisi ya kampuni zinazouzwa sokoni kwa faida ni jingine, maana nguo nazo zinaweza kusajiliwa chini ya alama ile ile. Kabla ya kuchapa, jina lolote linaweza kutafutwa kwenye mfumo wa BRELA wa mtandaoni, na kikundi kinaweza kusajili jina na nembo yake chenyewe. Tumeshaona fulana nzuri zenye mchoro wa 109, mkungu wa ndizi na kilele cha Kibo nyuma yake, bila kibati chochote, na kila aliyeziona alijua ni gari gani.